Lifti ya Bi Masouda

Maskati mtu hatembei kwa miguu mpaka awe na maelezo. Anayeonekana kando ya barabara ama gari lake limeharibika, ama daktari amemtisha kwa sukari, ama ana kichaa chepesi ambacho jamaa zake bado hawajakitangaza. Wijdan hakuwa na hata kimoja katika hayo. Alikuwa anapenda kutembea tu, na tabia hiyo alirudi nayo kutoka Japani pamoja na masanduku yake, na mpaka leo hakuna aliyejua aifanyie nini.

Kila alipotoka lango la nyumba yao pale Qurum akashika njia, hakufika mbali. Gari litasimama, kioo kitateremka, na ndani yumo mjomba, au mke wa jirani, au mtu aliyesoma na marehemu baba yake. "Wijdan, kuna nini? Panda." Ukikataa umemvunjia heshima. Basi atapanda, atarudishwa mpaka mlangoni, na kabla hajavua viatu mama yake keshapigiwa simu kuulizwa kama nyumbani ni salama. Watu walimpenda, hilo hakuna ubishi. Mapenzi yao yalikuwa na viti vya ngozi na kiyoyozi, na ndani yake hakuna alipoweza kupumua.

Ndiyo maana Jumatano ile, baada ya sala ya alasiri, alichukua teksi mpaka Khuwair ya Kusini, ambako haishi ndugu yake hata mmoja. Humam alikuwa anamsubiri kwenye kona ya duka la dawa, mikono mfukoni, kama alivyokuwa akimsubiri nje ya maktaba kule Sendai, Japani, walipokuwa wakisoma.

Hawakupeana mkono. Walianza kutembea tu, wameacha katikati yao nafasi ya mtu wa tatu. Ilikuwa Januari, hewa ya Maskati imepoa na kuwa na huruma. Walipita nyuma ya majengo, penye maduka ya kushona na vinyozi na migahawa midogo inayopanga viti vya plastiki nje. Njia ya miguu ilikuwa ikianza vizuri halafu inakatika ghafla mbele ya gari lililoegeshwa, na kila ilipokatika walilazimika kupita mmoja mmoja.

"Kule hatukuwa tunapangana foleni hivi," alisema Humam.

Wijdan alitabasamu bila kutaka. Kule mitaa ilikuwa na vichochoro vyembamba ambamo magari ndiyo yaliyoomba njia kwa watu. Walikuwa wanafunzi wawili, watoto wa familia za Maskati zilizorudi kutoka Afrika, waliojikuta wanazungumza Kiswahili katika mji wa theluji, na kutoka chuoni mpaka kwenye bweni la wanawake alikokaa Wijdan walikuwa wakizunguka njia ndefu makusudi, wakipita kwa muuza viazi vitamu vya kuchoma, aliyewakatia kiazi kimoja vipande viwili. Halafu kulikuwa na mgahawa wa bibi mmoja, kaunta fupi na viti vichache, mahali unapokula huku bega lako linakaribia kugusa la jirani. Humam alikuwa amekariri kwa Kijapani sentensi ya kuuliza kama chakula kina nguruwe au pombe, na aliisema kwa kuinama kila siku, mpaka yule bibi akachoka kuinamiwa, akawa anawachomea samaki wao peke yao, juu ya karatasi ya foili, kwa chumvi tupu. Wakila, wakishukuru, wakirudi kutembea. Hawakuwahi kushikana hata kidole. Lakini Wijdan alijua namna Humam anavyopiga hatua, anavyonyamaza akiwa na njaa, na kwamba kijana mzima wa Kiswahili hawezi hata chembe ya pilipili, tumbo linamkata.

Na mama yake pia aliyajua hayo yote. Hilo ndilo lililokuwa likimnyima Wijdan usingizi.

Kwani mama huyo, Bi Masouda, alikuwa akipiga simu kila siku. "Umekula? Umekula na nani?" Siku ya kwanza Wijdan alijibu bila kufikiri, "Na Fajr, mama. Msichana wa Salala." Salala aliichagua kwa kuwa mama yake hamjui mtu huko. Basi tangu siku hiyo kila alichokifanya Humam kilifanywa na Fajr. Fajr ndiye aliyemsindikiza mpaka bwenini theluji ilipoanguka. Fajr ndiye aliyemletea dawa alipopata homa. Bi Masouda alimpenda Fajr kwa moyo wake wote, alimwombea katika sala, na kila alipotuma kifurushi alitia halwa ya Fajr na chupa ya achari ya Fajr, iliyopikwa mbali, bila pilipili. Humam aliila yote akashukuru.

Waliporudi Maskati wakafanya kosa la pili, nalo lilikuwa kosa la adabu. Katika nyumba kama zao kijana na msichana hujuana baada ya wazee kukubaliana, na hata wakiwa wanajuana hujifanya hawajuani. Basi Humam alimtuma shangazi yake, Bi Ghaliya, aende kuposa kama mtu aliyemwona binti harusini tu akampenda. Bi Masouda alimpokea kwa kahawa na tende, akamuuliza ukoo, akasikia kwamba hao ni watu wa Tabora, wa bara, si wa visiwani kama wao, akasema hana binti wa kuoza kwa sasa. Bi Ghaliya alirudi tena baada ya mwezi. Jibu likawa lile lile, na kahawa ile ile. Sasa Sinan, mtoto wa ami yake Wijdan, alikuwa amemtaka, na Ijumaa hii watu wangekuja kusoma Fatiha ya uchumba. Humam alikuwa amepata kazi Yokohama. Ndege yake Jumamosi.

"Umemwambia?" aliuliza Humam.

"Bado."

"Wijdan."

"Nilitaka jana. Nikaingia chumbani kwake, nikamkuta anachagua vikombe vya Ijumaa, anafurahi mpaka machozi yanamtoka. Ningesemaje pale?"

"Ungesema, mama, kuna mtu namjua."

"Wewe unaona rahisi kwa sababu ni mwanamme. Ukisema nyumbani kwenu kwamba ulikuwa ukila samaki na msichana huko Japani, baba yako atacheka. Mimi nikisema, kaka yangu Marhoon atauliza nani aliyeniruhusu kwenda. Na aliyeniruhusu ni mama. Aligombana naye mwezi mzima kwa ajili yangu. Alimwambia, mwanangu namjua. Unataka nikamwambie kwamba hakunijua?"

Humam alisimama. Walikuwa wamefika mahali ambapo njia imekatika tena.

"Shangazi amekwenda mara mbili," alisema taratibu. "Mimi nimefikiri sana juu ya hili. Mama yako hakunikataa mimi. Amekataa jina tu, jina la watu asiowajua, na mimi simlaumu, hata mama yangu angekataa. Sisi ndio tuliomficha. Simtumi mtu mwingine tena. Mwambie kwamba unanijua. Akinikataa hapo, nitaondoka nimekataliwa, nitaumia, nitapona. Lakini nikiondoka hivi nitakuwa sijui nani aliyeniacha."

Alimtazama. Humam hakuwa mtu wa kutazama sana. Wijdan alitaka kusema nitamwambia leo, nitamwambia sasa hivi. Kinywa kilikuwa tayari kimefunguka.

Honi ikalia nyuma yao.

Wijdan aliijua honi ile kabla hajageuka, kama mtoto anavyojua kikohozi cha baba yake. Gari jeupe la Bi Masouda lilikuwa limesimama katikati ya njia, taa zinawakawaka, na mwenyewe ametoa kichwa dirishani, shela imemteleza.

"We Wijdan! Unafanya nini huku kwa miguu?"

Laiti Humam angeendelea na njia yake, mambo yangeishia hapo. Alikwishapiga hatua mbili kujitenga. Lakini mama wa watu yuko mbele yake, na Humam hakulelewa kumpita mtu mzima kama nguzo ya umeme.

"Shikamoo, mama," alisema.

Uso wa Bi Masouda ukachanua. "Marahaba, mwanangu. Kumbe Mswahili? Unakwenda wapi na miguu yako? Leo watu wote wameingiwa na nini?"

"Nakwenda Wattaya, mama. Gari yangu iko kule kwenye maonyesho ya wauza magari, naiuza. Nitachukua teksi, usisumbuke."

"Teksi ya nini, na miye nna gari tupu? Panda."

"Mama, huyu ana haraka zake," alisema Wijdan, na sauti yake mwenyewe aliisikia imekuwa nyembamba.

"Na miye nnakwenda kwa haraka. Panda, mwanangu, watu wananipigia honi."

Kweli walikuwa wakipiga. Humam alifungua mlango wa nyuma akaingia. Wijdan aliingia mbele. Milango ikafungwa, kiyoyozi kikavuma, na wakawa ndani, wote watatu, pamoja na nguo. Kwani Bi Masouda alikuwa anatoka kwa fundi, na nguo ya Wijdan ya Ijumaa, ya kijani yenye nakshi za dhahabu, ilikuwa imetundikwa nyuma ndani ya mfuko wa nailoni. Kila gari lilipokata kona iliyumba ikamfunika Humam uso. Yeye aliisogeza kwa mkono, taratibu, akaishika isiyumbe, akaendelea kuishika.

"Usijali hiyo," Bi Masouda alimwambia kupitia kioo. "Nguo ya fatiha ya bibi huyu, Ijumaa, inshallah. Nzuri, eeh?"

"Nzuri sana, mama."

Wijdan alitazama nje. Angeweza kufa pale pale, akazikwa na mkanda wa kiti.

Hawajatoka Khuwair, Bi Masouda akasogea kando mbele ya mkahawa mmoja, akapiga honi mara moja. Kwake kula nje ni huko, kusimamisha gari na kuletewa. Kijana wa mkahawa alikuja mbio, akaagizwa chai tatu za maziwa na chapati tatu za yai na jibini. Humam alisema ameshiba. Hakuna aliyemsikiliza.

"Utakula. Mtu hapandi gari yangu akashuka na njaa," alisema Bi Masouda. "Enhe, nambie. Gari unauza, unasafiri?"

"Narudi Japani, mama. Nimepata kazi."

"Japani? Na huyu wangu kasoma Japani. Hamjakutana?"

Wijdan alijishughulisha na mkanda wa kiti.

"Japani kubwa, mama," alisema Humam.

"Kubwa, kweli. Na huko nini kinakurudisha? Kazi si ziko hapa?"

"Kazi, na kutembea." Sauti yake ilikuwa tulivu, lakini Wijdan aliisikia ilivyokuwa imejikaza. "Kule unatoka tu nyumbani, mama, unatembea mtaani. Unanunua kiazi cha moto, unakula njiani. Una mgahawa wako, mwenyewe anakujua, anajua unachokula. Nilikuwa na bibi mmoja akinichomea samaki kwenye foili, mbali na wa wenzangu, kwa kuwa alijua mimi ni Mwislamu. Maskati nimezaliwa, naipenda. Lakini hapa nikitaka kuwa na mtu, sina pa kutembea naye."

Chai zilikuwa zimefika, pamoja na chapati zimefungwa kwenye karatasi, mafuta yanavuja. Wijdan alizipokea, akampa mama yake moja. Ya pili aliifungua magotini. Walikuwa wametia pilipili, mstari mwekundu juu ya yai lote. Alichukua kitambaa cha karatasi akaifuta yote, akakwangua mpaka pembeni, akaikunja upya, akaipeleka nyuma bila kugeuka. Mkono wa Humam ukaipokea. Walikuwa wamefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba hakuna hata mmoja wao aliyeona kwamba wamefanya kitu.

Bi Masouda alikunywa chai yake. Alikunywa tena. Gari lilikuwa bado limesimama.

"Wewe mtoto wa nani?" aliuliza.

Swali hili kila Mswahili wa Maskati huulizwa, sokoni, hospitali, matangani. Ukishaulizwa huna pa kukimbilia. Humam angeweza kutaja jina lolote. Wijdan aliomba ataje lolote.

"Mimi Humam, mama. Baba yangu Saeed, sisi watu wa Tabora."

"Bi Ghaliya?"

"Ni shangazi yangu."

"Aliyekuja kwangu."

"Ndiyo, mama. Nilimtuma mimi."

Mama aliweka kikombe mahali pake, akaweka mikono yake yote miwili juu ya usukani ingawa gari halikuwa likienda popote. Hakukasirika. Wijdan angependa akasirike. Aligeuza kichwa, akamtazama binti yake kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa hati ndogo.

"Wijdan. Huyu mnajuana?"

Hapo ndipo palipokuwa pake pa kusema. Mlango ulikuwa wazi, hata hakuhitaji kuusukuma. Ilikuwa aseme neno moja tu, na mama yake mwenyewe ndiye aliyemuuliza, kwa sauti ya upole kabisa. Akilini Wijdan alimwona Marhoon anavyosimama katikati ya sebule. Alimwona mama yake anavyoinamisha kichwa mbele ya mwanawe. Alimwona Sinan, ambaye hakumkosea mtu. Na nyuma ya bega lake alisikia mfuko wa nailoni umeacha kuchakarika.

"Hapana, mama," alisema. "Simjui."

Bi Masouda alitazama kioo.

"Na wewe? Huyu unamjua?"

"Jina lake nalijua, mama," alisema Humam. "Ndiye niliyemposa."

Aliyasema hayo bila kumtia Wijdan hatarini hata kidogo, bila uongo na bila ukweli mzima, na Wijdan alijua kwamba katika maisha yake yote hatapata mtu atakayemsitiri namna ile. Gari likaondoka.

Njia ya kutoka Khuwair mpaka Wattaya si ndefu, lakini siku hiyo ilikataa kwisha. Walipita Qurum, wakaliona tawi la barabara linalokwenda nyumbani kwao, wakaliacha. Humam hakuionja chapati. Alipofikishwa mbele ya maonyesho ya magari, aliiachia ile nguo kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto, akafungua mlango.

"Ahsante sana, mama. Mungu akulipe."

"Amin. Nenda salama, mwanangu."

"Na wewe, dada," alimwambia Wijdan. "Hongera ya Ijumaa."

Hakuwahi kumwita dada. Alifunga mlango, polepole, akaondoka bila kugeuka, chapati yake bado mkononi. Wijdan alimwangalia akipita kati ya magari mapya yaliyopangwa yanang'aa, mpaka hakumwona.

Bi Masouda aligeuza gari akaingia barabara kuu, kurudi walikotoka. Aliongeza mwendo, na vitasa vikajifunga vyenyewe, tak, milango yote minne.

"Yule anakula achari yangu?" aliuliza.

Wijdan hakuelewa. "Nani?"

"Nnakuuliza yule, yule. Uliyemfutia pilipili. Mtu humjui, umejuaje kwamba hali pilipili? Katika dunia nzima nnamjua mtu mmoja tu hali pilipili, na bibi wa Kijapani anamchomea samaki kwenye foili. Nimemwombea miaka miwili. Nimempikia embe kwa mikono yangu, nikaonja mara tatu isije ikamuumiza tumbo." Alipisha lori. "Fajr wako ana ndevu, Wijdan."

Machozi yalimtoka Wijdan kwa ghafla, bila hata kupita kooni. Alijifunika uso kwa shela.

"Nisamehe, mama."

"Ya Fajr tutayazungumza. Hayo nitakuwa na hasira nayo mpaka mwezi wa Ramadhani, usidhani. Lakini si hayo yanayoniuma sasa hivi."

"Najua. Nimekudanganya."

"Umenidanganya, ndiyo. Watoto hudanganya." Bi Masouda alikuwa akitazama mbele. "Mimi, yule kijana nilimkataa mara mbili, nnakiri. Nilimkataa simjui. Nikasema watu wa Bara, mbali na sisi, sijui mama yake, sijui nyumba yake. Na nikwambie kweli? Hata ningemjua, pengine ningekataa. Sinan nyumba yake mtaa wa pili, nikikohoa utasikia. Baba yako hayupo. Nilitaka nikukoholee ukiwa karibu, basi. Nina choyo, Mungu anajua. Lakini mimi nilimkataa mtu nisiyemjua. Wewe umemkataa unayemjua, na amekaa nyuma yako, ameshika nguo yako isikunjike."

Wijdan alilia mpaka akashindwa kuvuta pumzi. Alitoa simu akampigia Humam. Ililia mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika upesi zaidi.

"Simamisha gari, mama. Nataka kushuka."

"Barabara kuu hii. Nitasimama wapi?"

"Nitembee. Nirudi kule."

"Utembee ndani ya magari haya? Kaa."

Akakaa. Na kwa kuwa hakuwa na pa kwenda, na milango imefungwa, na mama hamtazami, akaanza kusema. Alisema yote. Alisema jinsi Humam alivyomsikia siku ya kwanza akinung'unika kwa Kiswahili mbele ya mashine ya tiketi, akageuka akacheka. Alisema njia ndefu za kurudi bwenini, na kiazi kimoja kwa watu wawili, na kwamba hakumgusa hata siku moja, hata alipoteleza kwenye barafu alimpa ncha ya mwavuli ashike. Alisema kwamba huko Japani alikuwa mgeni, hajui hata kusoma jina la mtaa, na bado hakupata kujiona amepotea. Hapa alikuwa kwao, kila mtu anamjua mpaka jina la babu, na kila siku akiamka anatafuta pa kutokea hapaoni. Alisema, "Nampenda, mama," na neno lile, ambalo halikuwahi kusemwa kwa sauti ndani ya gari lile wala ndani ya nyumba yao, lilikaa kati yao.

Bi Masouda alifuta jicho moja kwa ncha ya shela, kwa kidole kimoja, akaendelea kuendesha.

Wijdan alipoinua uso, bango la Qurum lilikuwa limeshabaki nyuma.

"Mama, umepita njia ya nyumbani."

"Nimeiona."

"Tunakwenda wapi?"

"Mawaleh. Kwa kaka yako."

"Kufanya nini?"

"Yeye ndiye walii wako. Ijumaa ndiye atakayekaa mbele ya watu aseme amekubali. Nakupeleka ukamwambie haya uliyonambia."

"Mwambie wewe, mama. Wewe atakusikiliza."

"Nimekwishakusemea mara moja, nilipomwambia mwanangu namjua. Sasa zamu yako."

"Siwezi. Si leo. Nipe mpaka kesho, niyapange."

"Kesho utakuwa umeyapanga vizuri, na utamwambia Marhoon humjui mtu." Alibadilisha njia, akalipita gari moja. "Mimi nitakaa pale pembeni. Sijasema nimekubali, ujue. Sijui kama nitakubali. Marhoon atapiga kelele, na ami yako atanuna mwaka mzima, na pengine huyo kijana mwenyewe keshakuchoka, hata simu yako hapokei. Yote hayo yanaweza kuwa. Lakini hutaingia katika nyumba ya Sinan, mtoto wa watu, ukiwa umefunga kinywa hivyo. Na hutashuka gari hili mpaka tufike."

Wijdan alishika kitasa. Kilikuwa kimefungwa, na hata kingekuwa wazi, nje ilikuwa ni lami na magari yanayokimbia. Mawaleh haikuwa mbali tena.

"Nianze vipi?"

"Anza na lile swali alilokuuliza mama yako, ukamjibu vibaya."

Wijdan alifumba macho.

"Namjua," alisema.

"Sijasikia."

Akasema tena.